Maji ya Punda kwa Gari la Kifahari

Jumamosi usiku, Gendabi

Leo nimeaibika njiani, lakini ndoa imefungwa! Mungu ni mwema, hata kwa watu wa majigambo kama mimi.

Gari langu la viti vya ngozi, nililonunua kwa mtaalamu mzungu wa mashamba ya ngano alipokuwa anarudi kwao, lilichemka kwenye mlima wa Gitting. Ndani yumo bibi harusi, mtoto wa dada yangu. Padri angeondoka kwenda vigango vingine, harusi ingengoja mpaka arudi.

Kosa ni langu. Juzi nililiendesha nyuma ya mashine za kuvuna ili madereva walione vizuri. Makapi ya ngano yakaziba rejeta, injini ikakosa kupozwa.

Akapita mama mmoja wa wafugaji, punda wake wamebeba madumu ya maji.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Si ndilo lile gari ulilosema halina mwenzake Hanang nzima?”

“Ndilo, mama.”

“Kweli halina. Hata punda wangu hawana kiu hivi.”

Bibi harusi alicheka mpaka shela ikamdondoka. Tukangoja injini ipoe, mama akamimina madumu yote. Hela alikataa. Tulifika padri akiwa tayari kwenye pikipiki.

Fundi wa Dongobesh anasema hata pampu ya maji imekwisha. Spea ni mpaka Arusha, bei ya dume zima la ng'ombe. Basi, nitauza dume.

Kinachoniuma ni kwamba yale yalikuwa maji ya nyumbani kwake, na kisima kiko mbali. Kesho nitakwenda kumchotea, kwa miguu, watu wakiona.