Mwalimu Mkuu wa Ghuba ya Bouton

Jumatatu, 4 Desemba

Itangazwe kwa wote wanaohusika – yaani mimi na daftari hili – kwamba leo, saa nne asubuhi, miwani yangu yote kumi na moja ya kuangalizia chini ya maji imesuguliwa kwa dawa ya meno. Haitashika ukungu. Serikali itaarifiwa kwa wakati wake.

Sababu: meli inakuja! Jumamosi! Meli ya watalii, ya kwanza kutia nanga ghubani kwetu tangu nizaliwe, nami sikuzaliwa jana. Siku zote zinapita kule mbali kama hoteli zilizopotea njia. Sasa moja imetukumbuka, kwa saa sita.

Ila karatasi yao ya matembezi ina nafasi moja tu kwa kijiji chetu. Ama wageni wapande mashua ya kaka yangu Osbert waende miamba ya nje, ama wavae miwani yangu na mirija ya kupumulia, waingie majini kwa miguu yao kutoka mchangani. Mashua au ufuko. Kaka au dada. Jumatano anakuja Bwana Garraway, wakala wa meli kutoka mjini. Yeye ndiye atakayeamua.

Osbert ameipaka mashua rangi upya. Manjano. Nadhani hata Venezuela, ng'ambo ya bahari, wanaiona.

Jumanne, 5 Desemba

Osbert alisimama dirishani kwangu, kikombe cha kakao mkononi – kikombe changu, kakao yangu. Eti wageni hawawezi kusafiri wiki nzima kuja kuogelea pale Eudora, mpishi wa kijiji, anapooshea samaki. Nikamwambia wamekaa wiki nzima ndani ya chombo, wapandishwe kingine cha nini? Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Kule nje ana kasa, nakiri. Lakini kasa huja akijisikia. Mimi nina Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu ni pweza. Anaishi ndani ya injini kuukuu ya lori iliyozama hatua thelathini kutoka mchangani, maji ya kifua. Kila asubuhi anatoa maganda ya kaa, anayapanga mlangoni, kisha anakukazia macho mpaka ukumbuke hesabu ambazo hukumaliza darasa la nne. Namtazama tangu Pasaka. Hakuna aliyenifundisha mambo haya. Nina kitabu cha viumbe vya bahari kisicho na jalada, kinaanzia ukurasa wa arobaini.

Hakuna mwingine anayemjua. Watu wa hapa wanaitazama bahari kutoka juu. Osbert, miaka thelathini mashuani, hajawahi kutia uso majini hata mara moja. Nami sijamwambia mtu. Nina sababu zangu, na Eudora ana sufuria yake.

Jumatano, 6 Desemba

Ufuko! Ufuko! Ufuko!

Kwa utaratibu sasa. Garraway alianza na mashua. Kulikuwa na mawimbi. Aliona kasa watatu, akarudi na rangi ya kijani ya shelisheli bichi, akaomba kukaa chini kwenye kitu kisichotikisika. Nikampa mchanga. Kisha nikampa miwani namba nne.

Tukaingia. Mwalimu Mkuu alitoa mkono mmoja, akagusa saa ya Garraway, akaichunguza, akaiachia – hakuipenda. Garraway alipiga kelele ndani ya mrija. Sauti kama ya ng'ombe kisimani.

“Bi Ianthe! Ameniangalia! Mimi!”

Nikamwambia asivimbe kichwa, huwa anaangalia kila mtu.

Akaandika palepale, karatasi ikilowa: Matembezi ya ufukoni, kukutana na pweza. Watu arobaini na wanne! Sharti moja tu: ufuko uwe safi.

Osbert alikuwa anafunga kamba ya mashua. Alifunga muda mrefu sana kwa kamba fupi vile.

Alhamisi, 7 Desemba

Osbert hajaja kunywa kakao. Kikombe kipo. Nimeshinda, na nyumba imekuwa kubwa.

Nimeomba kamati ya kijiji iite kazi ya pamoja kesho. Kwetu kazi hiyo haina malipo, ni chakula tu, na haina msimamizi. Kila mtu anaondoa anachoona kinatutia aibu.

Ijumaa, 8 Desemba

Walikuja wote! Hata mchungaji, na reki. Mimi nilishinda juu barabarani nikiandika kibao: MIWANI – MIRIJA – PWEZA. Herufi ya mwisho imebanana kidogo.

Saa tisa nikashuka. Nikamkuta nani? Osbert! Kalowa mpaka kifuani, viganja vimechubuka.

“Nimekusaidia, dada. Utaona mwenyewe kesho.”

Nikamkumbatia hadharani. Machozi kidogo. Nikasingizia moshi.

Eudora alipika sufuria ile kubwa: shelisheli, nazi, majani ya magimbi, nyama ya chumvi, na vitu vyake ambavyo huwa hasemi. Watu walikwangua sahani. Kijiji hiki! Osbert alikaa karibu nami. Kesho, kesho, kesho!

Jumamosi, 9 Desemba

Saa mbili na nusu asubuhi. Meli ipo. Kubwa kuliko kanisa, shule na kilima.

Nilishuka alfajiri kumwamkia Mwalimu Mkuu. Hatua thelathini. Mchanga. Nikahesabu upya. Mchanga, safi kama sahani.

Nikamfuata Osbert gatini. Uso wake uling'aa.

“Lile lichuma? Nimelivuta kwa mashua mpaka kwenye kina. Wageni wangejikwaa, dada. Nimetumia kamba mbili!”

Nikamuuliza kama ndani mlikuwa na kitu.

“Alitoka pweza mmoja. Mkubwa! Nikampa Eudora.”

Nikamweleza; yeye alidhani pweza wa wageni anakaa kwenye miamba. Akakaa chini taratibu, kama mzee. Akauliza kwa nini sikumwambia, yeye ndugu yangu. Akasema basi awapeleke kwa kasa, matembezi yabaki yangu. Mashua inabeba kumi na wawili. Wao arobaini na wanne.

Boti ya kwanza ya meli imeshashusha watu. Mbele kuna mama mwenye ile karatasi, anamwonyesha mwanawe vidole vinane vikicheza hewani. Osbert amesimama kwenye mashua yake ya manjano, ananitazama mimi, si wao. Anangoja neno langu.

Eudora kapita na kapu, anauliza kama aniwekee kiporo cha sufuria ile.

Jana nilirudia mara mbili.