Chumba cha Nyuma Kifugieni Kuku

Kaka yangu mpendwa,

Nimerudi na pua iliyoungua jua. Ndiyo, likizo yangu ya kwanza ya mashua ya tanga, na raha yake sijapata kuiona! Siku ya kwanza nilishika usukani, nikauvamia upepo uso kwa uso kama ninavyowavamia wakubwa katika makala zangu gazetini, mashua ikagoma. Nahodha, binti wa rika la mwanangu, akafoka: "Mama, upepo haugombezwi! Nenda mshazari!" Nikacheka, nikaigeuza mashua iukate upepo kwa upande, tukaenda.

Ulichosikia ni kweli, ugonjwa umerudi. Najua wewe na wifi mmenipakia rangi chumba cha nyuma, nije nijilaze ningoje. Asanteni, kifugieni kuku. Kufa nitakufa, lakini kujilaza mapema? Thubutu! Jumamosi narudi majini. Ukitaka kuniuguza, njoo na kofia.

Dada yako, bado mbishi