Jina Langu Liko Kaburini Igowole

Mama Verediana mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako haraka kabla mwezi huu haujaisha, maana nimefika mahali siwezi tena kulibeba jambo hili peke yangu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, fundi seremala, naishi Iyunga hapa Mbeya na mke wangu Violet na binti yetu mdogo, na watu wote wananiita Faustin, lakini Faustin si mimi, Faustin ni kaka yangu, amekufa, na mimi ndiye niliyemzika.

Sisi ni watu wa Fizi, Kongo. Kaka alitangulia kuvuka ziwa akaomba hifadhi, akahojiwa, akapewa karatasi yenye picha yake asubiri majibu, mimi nikamfuata baadaye kwa njia za panya bila kuandikishwa popote, nikamkuta Igowole kule Mufindi anapasua mbao, tukawa tunakaa chumba kimoja, na kwa jinsi tulivyofanana watu walikuwa wanatuchanganya. Mwaka 2019 mwezi wa Juni, ule wakati wa ukungu ambao huoni nyumba ya jirani mpaka saa nne asubuhi, kaka akashikwa na kifua, siku tatu tu, tunamfikisha zahanati tayari amekata roho. Nesi akachukua kalamu akauliza, "Marehemu anaitwa nani?" Karatasi ya kaka ilikuwa mfukoni mwangu, mimi sikuwa na karatasi yoyote hapa duniani, nikasikia mdomo wangu unasema, "Aroni." Aroni ndilo jina langu.

Mwinjilisti Ambrosi ndiye aliyeongoza mazishi, akaandika jina langu msalabani kwa rangi nyeupe, akanishika mkono akasema, "Pole sana, Faustin," nami nikaitikia. Baadaye nikahamia Mbeya, nikaoa kwa jina lile, cheti cha mtoto kimeandikwa jina lile. Kila mwaka naenda kupalilia kaburi, na nakuambia ukweli, nikishausoma ule msalaba huwa najishika kifua nione kama moyo bado unapiga.

Mwezi wa pili mwaka huu nikaitwa ofisini kwa ajili ya yale maombi ya hifadhi ya kaka, baada ya miaka yote hiyo. Afisa alikuwa mama mmoja mpole, akafungua faili la kaki akauliza kama nina ndugu hapa nchini, nikasema nilikuwa naye, alifariki. "Jina lake?" Nikasema Aroni, akaandika "Aroni, marehemu", nikabaki naangalia wino wa jina langu unakauka. Kisha akasoma kimya maelezo ya zamani ya kaka, akauliza, "Siku wanamgambo walipoingia kijijini kwenu ulijificha wapi?" Mama, mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa kwa mjomba Uvira, na kaka hakuwahi kunisimulia. Nikafungua mdomo niseme nimesahau, nikajisikia nasema, "Ndani ya pipa la mawese, na lilikuwa bado lina mafuta mpaka hapa," nikagusa shingo. Afisa akaangalia faili, akaangalia shingo yangu, akasema, "Sawa kabisa." Tangu siku hiyo mashati yangu yananuka mawese, Violet anayafua na kuyanusa, ananiambia hasikii harufu yoyote.

Halafu mama yetu. Yeye aliambiwa aliyekufa ni Aroni, kwa hiyo nikimpigia naongea kama Faustin. Wiki iliyopita alipokea, akasema taratibu, "Faustin alikuya. Anaikala hapa pa mulango tangu juzi, hasemi kitu. Sasa weye ni nani?" Nikakata simu.

Sasa majibu yametoka, ombi limekubaliwa, natakiwa kwenda kupigwa picha na kuweka alama za vidole, na ninaona nikishaviweka vidole vyangu chini ya jina lile sitatoka tena. Nikisema ukweli naogopa kufungwa au kurudishwa nilikokimbia, na Violet hajui lolote. Nifanyeje?

Aroni, Iyunga.

MAMA VEREDIANA ANAJIBU

Aroni, nitakuita hivyo, ingawa hapa nimebadilisha majina yenu ili wasomaji wasikutafute.

Pole kwa kufiwa na kaka yako Faustin. Najua ni mara ya kwanza unaambiwa hivyo.

Sasa nikugombeze. Ulisema neno moja mbele ya nesi ukiwa umechanganyikiwa, hilo nalielewa. Lakini mbele ya mwinjilisti, siku ya ndoa, na ulipokwenda kumwandikisha mtoto, hukuwa umechanganyikiwa. Umemwozesha Violet kwa marehemu bila kumuuliza.

Na kuna jambo hujaliona. Serikali imeisikiliza hofu ya Faustin na kumpa Faustin hifadhi. Ya kwako hakuna afisa aliyewahi kuisikia. Ukiweka vidole vyako pale, hutapata nafasi ya kuisema kamwe.

Kuhusu mama yenu, mimi nadhani ameijua sauti yako miaka yote na amechoka kungoja useme. Kuhusu pipa la mawese, huenda kaka alilitaja akiwa na homa, nawe ukasahau. Huenda sivyo. Sitajifanya najua. Nilipomaliza kusoma barua yako nilinusa karatasi, kisha nikaenda kufungua dirisha.

Nilikupigia Alhamisi, kwa namba uliyoiandika kwenye bahasha, kwa sababu jambo hili lisingeweza kungoja gazeti. Nikakuambia umwambie mkeo siku hiyohiyo, nawe ukamwambia. Aliondoka na mtoto akaenda kwa dada yake Uyole. Jumamosi akarudi, akasimama uani, akakuuliza, "Nikuiteje?" Uliponisimulia ulikuwa unalia, na mimi pia.

Haya, yanayobaki. Usiende ofisini peke yako. Nimekupa namba ya mwanasheria wa msaada wa kisheria, hatakutoza kitu, na atakwenda nawe kabla ya tarehe waliyokupangia. Nenda kwanza Igowole ukamweleze Ambrosi ukweli, naye aandike kwa mkono wake nani alizikwa na wewe ulisema nini. Mwambie mama yako aliyekufa ni nani, aweze kumlilia. Karatasi ya kaka irudishe, usiichome, usiitupe. Kisha omba upya, kwa yaliyokukuta wewe. Kama hujui alikojificha mtu, sema hujui.

Siwezi kukuahidi hutaadhibiwa, wala kwamba majibu yako yatakuwa mazuri. Huenda ukasubiri tena miaka. Lakini atakayesubiri atakuwa mtu aliye hai.

Ukiulizwa jina, usitazame faili. Jibu.