Binti wa Seoul

Naju, 3 Septemba 1987

Mwanangu Geum-rye,

Pokea salamu zetu. Baba yako anakusalimu, mgongo unamsumbua lakini yumo shambani anachuma mapeari. Bibi anakusalimu, anauliza kama huko unakula ukashiba. Kaka yako Deok-man na mkewe wanakusalimu, mtoto wao ameota meno mawili. Wote wazima. Mimi ndiye mwenye hasira.

Kadi ya harusi yako imefika. Ukadhani kwa kuwa ni Kiingereza, mama hatajua. Nilimpa jirani yetu Mwalimu Baek aisome mbele ya majirani. Akaigeuzageuza kadi. Nikamwambia, "Soma, Mwalimu, au macho yamekwisha?" Akasema imeandikwa, binti wa Seoul.

Seoul! Nani alikuzalia Seoul? Mkoa wetu ni Jeolla, jina lililotolewa kwenye miji miwili, Jeonju na hii Naju yetu. Na Wazungu wanalo kwenye ramani zao, Mwalimu amenionyesha. Kwa nini umelifuta?

Mama yako

Los Angeles, 20 Septemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Nisamehe. Wazazi wa mchumba wangu Tae-sik ni watu wa mkoa wa Gyeongsang, na unajua watu wa kwao wanavyotusema sisi wa Jeolla: wasaliti, wezi. Mama yake aliapa hatapokea mkwe wa kwetu. Nikasema natoka Seoul. Ukija, tafadhali usiongee sana, lafudhi yako itatufichua. Na usilete samaki taa wa kuvundika, wataijua harufu.

Binti yako

Naju, 2 Oktoba

Geum-rye,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua yako nimemficha baba yako, ingemmaliza.

Niwe bubu kwenye harusi ya mwanangu! Na taa nimeshamtia chunguni, harusi ya kwetu bila taa ni harusi gani? Ukizaa, watoto nao utawaziba midomo?

Mwalimu Baek ameniandikia barua kwa huyo mama. Nimesema: mimi ni mama wa Geum-rye, mtu wa Naju, mkoa wa Jeolla, na sijamwibia mtu. Stempu imeshabandikwa. Sijaituma kwa sababu naogopa, wakikuacha utalia peke yako huko mbali.

Mwambie wewe mwenyewe. Wakikukataa, rudi, chumba chako nimekifagia. Lakini Jumatatu ya tarehe 26 naipeleka posta. Nijibu haraka, mwanangu. Usingoje barua, piga simu kwa Mwalimu.

Mama yako wa Jeolla