Sauti Niliyozima kwenye Telefone ya Neema

Furaha mujukuu wangu,

Weye mwalimu mzima huko Bukavu, mtoto wako Neema, uliyemleta huku kwangu, unamwachia telefone imfundishe kusoma! Huoni haya? Huku Kavimvira tuko wazima, na shangazi yako amejifungua msichana.

Unauliza kwa nini nilizima sauti ya ile telefone. Sikiliza. Nilipokuwa binti nilishika katekisimu yote kwa masikio. Siku moja katekista alinifungulia ukurasa mwingine, minye nikaendelea na maneno yale yale, na kanisa zima likacheka. Kusoma kwenyewe nilikujulia kando ya ziwa, mama aliponituma nichague gunia letu la ndagala, wale samaki wadogo, kwa jina lililoandikwa juu yake.

Basi nilipozima sauti, Neema, aliyekuwa akiifuatisha, alikwama katikati ya hadithi.

“Bibi, telefone imekufa.”

“Haijakufa. Maneno iko hapo kwenye kioo. Soma.”

Akabonyeza kioo akitafuta ile sauti, hata neno moja hakusoma.

Minye siiamini hiyo sauti tamu inayomsomea. Jumapili ukipiga, usimuulize kama anajua kusoma. Mwambie akusomee karatasi ya sabuni iliyo jikoni. Akikwama, ngoja. Usimtajie neno.