Maneno Ambayo Filamu Haikuyasema

Ijumaa, Bugembe. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Kesho naenda Mbale kwa Baba, askari magereza mstaafu. Yeye na kaka yangu Wafula hawasemezani tangu Pasaka, sababu ni shamba. Juzi Baba alinipigia simu. "Leta ile filamu yetu ya zamani. Huyu kaka yako asikie ile maneno tena."

Ile filamu ni ya mapigano, ya miaka ya tisini. Wahakiki wa ng'ambo waliiponda wakasema ni risasi tupu, haina moyo. Humu kwenye blogu nimeitetea mara ngapi? Niliandika kwamba hawakuiona tulivyoiona sisi, kwenye kibanda cha video karibu na nyumba za magereza, mtafsiri akisimama na kipaza sauti kando ya televisheni, akitusemea kila kitu kwa Kiswahili. Mwishoni polisi anampigia magoti kijana aliyelala chini na risasi kifuani. "Kijana yangu, ni mimi nilikosa. Rudi nyumbani."

Baba alilia mbele ya maafande wenzake. Asubuhi yake alipanda basi hadi Jinja kumtafuta Wafula, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfukuza nyumbani, akamwomba msamaha kwa maneno yale yale.

Leo mchana nimeitazama kwa sauti yake yenyewe, bila mtafsiri, mara ya kwanza.

Kijana si mwanawe. Polisi anapiga magoti ili ampekue mifuko. Anachukua funguo, anafanya mzaha, anaondoka zake. Maneno yote yale yalikuwa ya mtafsiri. Wahakiki walisema kweli.

Nimeogopa. Baba akijua, atajuta kwamba alipanda lile basi? Na Wafula atasema hata msamaha ulikuwa wa kubuni? Nilifikiria kudanganya kwamba filamu imepotea, lakini Baba ananijua.

Mtafsiri mwenyewe alishafariki.

Basi nimeamua. Nitazima sauti, nisimame kando ya televisheni, nitafsiri mwenyewe. Tangu alasiri niko jikoni najaribu, na kila nikifika pale kwenye magoti, naanza upya. Naogopa Baba atanitazama mimi badala ya filamu.

Kijana yangu, ni mimi nilikosa.

Bado sauti yangu inatetemeka. Labda na yule mtafsiri alikuwa anatetemeka. Kipaza sauti chake kilikuwa kibovu, tusingejua.