Flash ya Cédrick

Kahambu, acha ile unafanya, soma hii. Tunatoka kwenye exposition, ile maonyesho ya photo, sasa hivi.

Unakumbuka ile nébuleuse ya dada Domitille? Ile wingu jekundu kati ya nyota? Usiku nne alingoja wakate courant ya umeme mtaa yote ya Keshero, ili juu angani kuwe giza. Photo trois cents, mia tatu nzima, akaziunganisha mpaka ikatoka moja.

Tumeikuta ukutani. Na jina ya Cédrick!! Ule wa kupiga photo za mariage, za harusi! Aliiba kwenye Facebook ya dada, hata hajui sura ya dada.

Mimi nilitaka kupasua kioo ya ile photo. Domitille akanishika mukono. Akangoja salle ijae watu kabisa. Kisha akasimama mbele ya Cédrick na adabu yote: «Papa Cédrick, félicitations, hongera sana. Uliipiga namna gani?»

Unajua alijibu nini?

«Na flash.»

FLASH, Kahambu!!

«Kulikuwa giza sana, mama, njo nikatia flash kubwa.» Na watu wanaitika na kichwa!

Domitille hakupandisha hata sauti. «Ile photo ni yangu, ziko trois cents hapa kwenye telefone. Na kutoka hapa mpaka kwa ile wingu, mwangaza unatembea miaka mille trois cents, elfu moja na mia tatu. Flash yako iko njiani, papa. Ikifika, itatembea tena ile miaka yote kurudi. Kwa sasa toa jina yako pale. Utairudisha siku photo yako itatoka.»